Nyuzi Tano za Bahari ya Shamu

Bahari haina huruma na kinanda. Ngozi iliyowambwa ikalia vizuri nchi kavu hulegea usiku wa kwanza chomboni, hata mpigaji alazimike kuiotesha moto wa jikoni. Uzi wa utumbo wa kondoo hunywa umande ukashuka sauti. Gundi huachia, vigingi huteleza, na ubao mwembamba hupinda kama kuti lililoanikwa. Wahijazi, Wahadhrami, Wasomali na sisi wa pwani tumesafiri pamoja kwa karne nyingi, na ni nadra chombo kung'oa nanga bila ngoma. Lakini si kila ala iliyopakiwa ilifika, na si kila iliyofika ilibaki.

Huko Ulaya kuna kinanda kinachodeka kuliko vyote, nacho ni kile Waingereza wanachokiita hurdy-gurdy. Hakina upinde wala hakidonolewi. Mwishoni mwake kina mkono kama wa cherehani. Ukiuzungusha, gurudumu la mbao lililopakwa ulimbo hukwaruza nyuzi mfululizo. Vidole vya mkono wa pili hubonyeza vibao vya kubadili sauti, na nyuzi nyingine huvuma chini kwa chini bila kukoma, kama nyuki mzingani. Nyuzi zake huvishwa pamba pale zinapogusana na gurudumu. Unyevu ukizidi kidogo tu, gurudumu huvimba, uduara ukapotea, na kinanda kikaanza kukoroma. Babu yake alikuwa mkubwa hata akahitaji watu wawili, mmoja wa kuzungusha na mmoja wa vibao. Wawili hao wamechongwa kwenye mawe juu ya lango la kanisa kuu la Santiago de Compostela, Hispania, kazi ya fundi Mateo yenye tarehe ya mwaka 1188, na mahujaji wa Kikristo wamekuwa wakipita chini yao tangu hapo.

Nimeanza na kinanda hicho kwa makusudi. Compostela ni mji wa mahujaji, na Jeddah ni lango la mahujaji. Kinanda cha gurudumu hakikupata makao kwenye lango hili la pili. Kilichopata ni kingine, chepesi, cha kimaskini, ambacho fundi asiye fundi anaweza kukiunda kwa mchana mmoja. Na hicho ni ndugu wa vinanda vya kwetu.

Jeddah ilifanywa bandari ya Makka na Khalifa Uthman mwaka wa 26 wa Hijria, yaani 647. Tangu hapo haikupumzika. Mtu wa Unguja akiingia leo mtaa wa kale wa Al-Balad, ulioandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2014, atajiona yuko nyumbani: kuta za mawe ya matumbawe, milango iliyonakshiwa, vichochoro vilivyopindishwa kukwepa jua, na roshani za mbao ambazo wenyeji huziita roshan. Waliofika hapa kwa bahari walikuwa wa namna mbili. Wapo walioshuka na mizigo, na wapo walioshushwa kama mizigo. Historia ya muziki wa Jeddah haieleweki bila kuwatenganisha.

Ala ninayoizungumzia ni simsimiya. Ina bakuli la mbao lililowambwa ngozi, au kisanduku, au hata debe. Mikono miwili imechomoza kutoka kwenye bakuli hilo ikitanuka kama pembe za ng'ombe, na juu yake umelazwa mti mmoja. Nyuzi, kwa desturi tano, zimefungwa kwenye mti huo zikashuka hadi kwenye ngozi. Haina shingo kama udi, wala hakuna mahali pa kubana uzi ili upande. Kila uzi una sauti yake moja, na anayetaka kunyamazisha huweka kidole. Mkenya aliyesoma maelezo haya ameshacheka, kwa sababu nimemwelezea nyatiti ya Waluo, isipokuwa nyatiti ina nyuzi 8. Mbukusu ataiita litungu, Mkisii obokano, Mganda endongo, Mhabeshi krar. Ukoo ni mmoja.

Ukoo huu una safari ya ajabu. Vinanda vya umbo hili vilichimbuliwa katika makaburi ya Ur, Iraki, ya zaidi ya miaka 4,400 iliyopita. Katika kaburi la Khnumhotep wa Pili huko Beni Hasan, Misri, lililopakwa rangi karibu mwaka 1900 kabla ya Kristo, kuna msafara wa wageni kutoka Asia wakiingia nchini na wanyama wao, na mmoja wao anapiga kinanda hicho huku akitembea. Afrika ikakipokea. Kikapanda na Nile hadi Unubi na Uhabeshi, na ndugu zake wakaenea hadi nchi ya Maziwa Makuu. Asia yenyewe ikakisahau kwa kiasi kikubwa. Mabwana wa Baghdad na Damascus walipenda udi na kanuni. Kilipovuka tena Bahari ya Shamu kurudi Arabuni, kilikuwa mikononi mwa Waafrika.

Mikononi, nimesema, lakini hata hilo si sahihi. Aliyekamatwa Sudan au Uhabeshi, akapelekwa kwa miguu hadi Suakin au Massawa na kuvushwa usiku hadi pwani ya Hijazi, hakubeba sanduku. Hakubeba kitu. Alichovuka nacho ni kujua: mikono miwili, mti mmoja, ngozi, nyuzi, na jinsi ya kuzitega. Alipopata jioni moja ya kupumua, aliweza kukiunda upya kwa bakuli la bwana wake na ngozi ya mbuzi wa Idi. Hapo ndipo naona tofauti kubwa kati ya vinanda vinavyovuka bahari na visivyovuka. Udi ni kazi ya fundi wa miaka mingi, na kinanda cha gurudumu zaidi ya hapo. Fundi akikosekana, vimekufa. Tambura, mama yake simsimiya, alihitaji kumbukumbu tu.

Christiaan Snouck Hurgronje, mwanachuoni wa Kiholanzi, alifika Jeddah mwaka 1884, na mwaka uliofuata akakaa Makka kwa miezi kadhaa. Katika kitabu chake juu ya Makka anaeleza sherehe za Waafrika waliokuwa watumwa mjini humo: tambura kubwa ya nyuzi 6, ngoma, na mtu aliyejifunga kiunoni mkanda ulioshonewa kwato nyingi, akitikisa viuno ili zilie. Mkanda huo, manjur, bado unaonekana Kuwait, Bahrain na Basra kwenye ngoma ileile ya tambura. Ilikuwa ngoma ya furaha, na ilikuwa pia ngoma ya pepo. Tambura hutajwa pamoja na zar, na mzee wa Unguja anayejua kilinge hahitaji kufafanuliwa zaidi. Snouck hakuishia kuandika. Kati ya 1906 na 1909, kwa msaada wa ubalozi mdogo wa Uholanzi uliokuwa Jeddah, zilirekodiwa silinda za nta za nyimbo, kasida na visomo vya Hijazi. Mamia ya silinda hizo zimehifadhiwa Leiden, nazo ni miongoni mwa sauti za kale kabisa zilizorekodiwa Arabuni.

Utumwa ulipigwa marufuku Saudi Arabia mwaka 1962. Naandika tarakimu hiyo peke yake ili msomaji aitazame: ni mwaka mmoja baada ya uhuru wa Tanganyika.

Turudi kwa wenye mizigo. Mwaka 1761 mfalme wa Denmark alituma watu sita kuchunguza Arabuni. Oktoba 1762 walipanda meli ya mahujaji kutoka Suez na kushuka Jeddah mwishoni mwa mwezi huo, wakakaa hadi Desemba. Wawili kati yao, mpima ardhi Carsten Niebuhr na mchoraji Georg Wilhelm Baurenfeind, walikuwa na fidla. Walipofika Luhayya, bandari ya Yemen, wakawa wanapiga jioni chumbani mwao, na sauti ikatoka dirishani. Mfanyabiashara mmoja mzee akatamani kuwasikia. Wageni wakaona haya, maana walijua mpiga kinanda hana heshima kubwa mbele ya watu wazito. Lakini mzee akaja mwenyewe, mwili umemchoka, akasikiliza, kisha akataka kuwalipa. Walipokataa fedha alishangaa sana. Kwake yeye, mwenye kinanda mkononi ni mtu wa kulipwa, basi.

Fidla zile hazikuacha mbegu Luhayya. Baurenfeind alifia baharini mwaka 1763 akielekea Bombay, na kati ya wote sita ni Niebuhr peke yake aliyerudi kwao. Lakini alirudi na michoro, na mmojawapo ni wa tambura ya Wanubi wa Dongola aliyoiona Misri. Mgeni aliyekuja na ala ya fahari alichora ala ya watumishi, na ala ya watumishi ndiyo iliyokuja kutawala pwani nzima.

Ilitawala kwa kupunguzwa. Tambura ni kubwa, huwekwa chini, na ina miiko yake. Mabaharia na wavuvi wakaifanya ndogo ya kupakatwa, wakaivua mambo ya pepo, wakaiwekea nyuzi za chuma zisizoogopa umande, wakaiita simsimiya. Mfereji wa Suez ulipochimbwa, kati ya 1859 na 1869, vibarua wa kutoka juu ya Nile walikutana huko na watu wa bandari, na Wamisri wengi hutaja miaka hiyo kuwa mwanzo wa simsimiya ya Ismailia, Suez na Port Said. Mtu wa Yanbu, bandari ya Madina, atakwambia ni ya kwao tangu zamani. Mimi siingii katika kesi hiyo. Ala iliyozoea chombo haina kwao. Iko Aqaba, iko Hodeida, iko Aden, na kila bandari inaapa. Lililo wazi ni kwamba mvuvi aliweza kuitundika mlingotini, ikaloa, akaikausha, akaendelea. Uzi ukikatika, waya upo. Jaribu hilo na kanuni yenye nyuzi zaidi ya 70.

Upande wa pili wa bara Arabu, kwenye Ghuba, vyombo vilikuwa na muziki wao. Wazamia lulu walikuwa na mwimbaji wa kazi, nahham, ambaye kazi yake ilikuwa kuimba ili wengine wavute. Ala zao zilikuwa ngoma, makofi na mtungi wa maji wa udongo, maana mtungi hata hivyo ulikuwa lazima uwepo chomboni. Na katika ngoma ya liwa, inayochezwa kuanzia Oman hadi pwani ya mashariki ya Saudi Arabia, Mswahili atasikia msondo na chapuo vikitajwa kwa majina hayo, matamshi yamepinda kidogo tu, na katikati ya wimbo atadaka neno la Kiswahili ambalo mwimbaji mwenyewe huenda hajui maana yake. Mwaustralia Alan Villiers alisafiri na mabaharia wa Ghuba mwaka 1938 na 1939 katika bumu la Kuwait kutoka Aden hadi Lamu, Mombasa, Unguja na delta ya Rufiji kufuata boriti. Ameandika jinsi walivyoingia bandarini kwa ngoma na nyimbo, ili mji wote ujue nani kafika. Nahodha wake aliitwa Ali bin Nasr al-Najdi. Najd ni nchi ya Riyadh, mchanga mtupu, na mwenye jina la huko ndiye aliyeshika sukani.

Vya kifahari navyo vilisafiri, ila kwa tiketi. Mwaka 1872 meli za moshi za British India zilianza kuleta barua Unguja kutoka Aden, na tangu hapo Cairo ikawa karibu. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alipenda muziki wa Misri, na inasimuliwa kwamba alimpeleka Mohamed bin Ibrahim huko kujifunza kanuni. Mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa. Kabla ya hapo pwani ilikuwa na gambusi, kile kinanda cha mti mmoja uliokombwa kama mtumbwi, ambacho Wahadhrami walikisambaza kuanzia Yemen hadi Lamu, Ngazija na Malaya. Hicho nacho kilijengwa kwa safari. Mwaka 1928 mwimbaji Siti binti Saad na wapigaji wake walipanda meli kwenda Bombay kurekodi santuri, na wakarudi mashuhuri. Hadithi hiyo tunaijua vizuri, kwa hiyo naipita.

Hadithi tusiyoijua sana ni ya tarumbeta. Kwa karne nyingi Misri ilipeleka Makka mahmal, hema la heshima juu ya ngamia, na katika zama za meli lilivuka kutoka Suez hadi Jeddah likisindikizwa na askari na bendi yao. Desemba 1925 Jeddah ilikuwa imejisalimisha kwa Ibn Saud, mtawala wa Najd. Hija ya mwaka 1926, wapiganaji wake wa Ikhwan kutoka Najd walisikia tarumbeta za Wamisri huko Mina. Kwao muziki mahali hapo ulikuwa chukizo. Wakarusha mawe, Wamisri wakafyatua risasi, na watu wakafa. Misri na utawala huo mpya hawakuwa na uhusiano rasmi hadi 1936. Sijui tarumbeta nyingine iliyovuka bahari ikagharimu miaka kumi.

Kuanzia hapo muziki wa Hijazi uliishi kwa kujua saa na mahali pake. Haukufa. Harusini ulikuwepo, na vijana wa mitaa ya Jeddah na Makka waliendelea kucheza mizmar, ngoma ya fimbo kuzunguka moto. Mswahili akisikia jina hilo atatafuta zumari asilione. Ni ngoma na fimbo tu. UNESCO iliiandika mwaka 2016. Wavuvi wa Yanbu walibaki na simsimiya yao. Tariq Abdulhakim, aliyezaliwa Taif mwaka 1920, alisomea muziki Misri akarudi kufundisha bendi za jeshi, na mwaka 1981 akapata tuzo ya muziki ya UNESCO. Leo kuna jumba lenye jina lake Al-Balad.

Lakini kama ningeruhusiwa kumchagua mtu mmoja kuibeba habari hii yote, ningemchagua Mohammed Abdu. Alizaliwa mwaka 1949 kusini, upande wa Jizan, baba yake akiwa baharia. Baba akafariki mtoto angali mdogo, na mtoto akalelewa Jeddah kwa shida. Akaingia chuo cha ufundi na mwaka 1963 akahitimu fani ya kuunda meli. Alikuwa apelekwe Italia kuendelea na fani hiyo. Badala ya Italia alikwenda Beirut kurekodi wimbo, akiwa na udi, na Waarabu wakapata mwimbaji ambaye leo wanamwita Msanii wa Waarabu. Meli hakuunda.

Na Riyadh? Riyadh iko kilomita zaidi ya 900 kutoka Jeddah kwa barabara, na ala yake ya kale ni rababa ya uzi mmoja, inayokwaruzwa kwa upinde huku mshairi akighani. Ukiisikia, ule mvumo usiokatika unakumbusha gurudumu la Compostela, ila huyu anazungusha kwa kiwiko. Hata hivyo Riyadh haikukosa damu ya ng'ambo. Etab, mwanamke wa kwanza kujulikana kama mwimbaji wa kulipwa kutoka Saudi Arabia, alizaliwa hapo mwaka 1947 katika familia yenye asili ya Afrika, na akafia Cairo mwaka 2007. Tamasha la Janadriyah lilipoanzishwa nje ya mji mwaka 1985, vikundi vya pwani vilipanda kutoka mikoani na ngoma zao, na watu wa Najd wakaiona simsimiya bila kuiona bahari.

Mwaka 2017 milango ilifunguliwa. Januari Mohammed Abdu akaimba hadharani Jeddah, Machi akaimba Riyadh, baada ya miaka mingi bila matamasha ya namna hiyo. Mwaka 2020 ikaundwa tume ya serikali ya muziki. Sasa Riyadh kuna taasisi ya kifalme ya sanaa za jadi, na kuna okestra ya taifa iliyokwisha kupiga Paris, New York, London na Tokyo. Ala zake husafiri kwa ndege, ndani ya masanduku yaliyotandikwa sponji. Sina ugomvi na okestra. Nasema tu kwamba ala iliyotandikwa sponji inahitaji bajeti, na bajeti hubadilika.

Desemba 2024, kwenye mkutano wa UNESCO huko Asunción, Paraguay, uundaji na upigaji wa simsimiya uliandikwa katika orodha ya urithi wa binadamu. Maombi yaliletwa na nchi mbili, Misri na Saudi Arabia. Majina ya Sudan, Uhabeshi, Uganda na Kenya hayamo. Orodha hiyo huruhusu nchi nyingine kujiunga baadaye, na wenye nyatiti na litungu wana hoja nzito kuliko wanavyofikiri.

Nawe msomaji, ukijaliwa kwenda Umra na ukabakiwa na jioni moja Jeddah kabla ya ndege, shuka Al-Balad baada ya isha, uliza wapiga simsimiya wako wapi. Ukiwapata, kaa, kunywa chai yao, kisha muombe mwenye kinanda akuruhusu kukishika. Hesabu nyuzi, angalia zilivyofungwa kwenye ule mti wa juu, upige picha. Ukirudi, mwonyeshe mzee yeyote wa Siaya au Bungoma bila kumwambia umeipiga wapi.